Uji wa Daktari Wirot

Watu wa mji wa Trang hunywa chai ya asubuhi kwa nyama ya nguruwe ya kuchoma, na hawaoni haya. Lakini mwezi wa tisa wa Kichina ukikaribia utawaona wameanza kutembea kwa adabu kama watu wanaokwenda ukweni. Nguo nyeupe zinatolewa sandukuni, bendera za manjano zinatundikwa barabarani, na kwa siku tisa, kwa heshima ya miungu tisa, hakuna anayegusa chochote kilichowahi kupumua: si nyama, si samaki, hata yai. Msimu huo ulikuwa unabisha hodi pale Wirot aliposhuka kwenye treni, na begi lake halikuwa na kitu ila koti jeupe.

Wirot hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mtu wa majalala. Akiingia mji mgeni haendi kutazama maduka, anakwenda kwanza nyuma ya soko kuona watu wanatupa nini, maana anachotupa mtu ndicho kinachomuuma. Nyuma ya soko la Trang alikuta machenza yaliyoota ukungu, ndizi nyeusi tii, na mananasi yanayotoa povu. Wenye vibanda walikuwa wamenunua matunda mapema, bei ikiwa chini, ili wayauze kwa bei ya kuchinja sikukuu ikifika, kila familia ikitaka sadaka ya madhabahuni. Tatizo la matunda ni kwamba hayajui kalenda. Wirot alisimama pale, nzi wakimzunguka, akatabasamu kama bwana harusi.

Kesho yake akawa Daktari Wirot. Koti limepigwa pasi, kalamu mfukoni, chupa mkononi. Alisimama katikati ya soko akaeleza kwamba wataalamu wamegundua dawa ya kupaka matunda, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Kamba, alisema, hukaa majini miaka na miaka haozi, kwa sababu gani? Kwa sababu ya ganda. Basi na chenza likivishwa ganda la kamba, jembamba hata jicho halilioni na ulimi hauligundui, litakaa mbichi mpaka mwenyewe ulichoke. Ni jambo la kweli kabisa, kwamba dawa ya namna hiyo ipo duniani. Ila haikuwa ndani ya chupa ya Wirot. Ndani ya chupa ya Wirot mlikuwa na unga wa muhogo, maji ya bomba na moto kidogo. Kwa lugha ya mama zetu, uji.

Wa kwanza kumsogelea alikuwa Che Ngek. Che ni dada mkubwa, na sokoni pale hakuna aliyekuwa mkubwa kama yeye. Machenza yote ya Trang yalipita mikononi mwake kabla ya kufika kinywani kwa mtu. Aliifungua chupa, akainusa, akamwangalia Daktari kuanzia kalamu mpaka viatu.

"Mbona hainuki kamba?"

Wirot akacheka cheko la kisomi. Akasema hiyo ni ya maonyesho tu, ya Che mwenyewe inakuja kesho, daraja la juu. Usiku ule akatia kijiko cha uduvi wa kusaga, ule unaonuka mpaka jirani anafunga dirisha, ndani ya chupa moja. Asubuhi Che Ngek akanusa, akakunja pua, akalipa. Walipoona Che Ngek kalipa, wengine wote wakapanga foleni. Ndivyo binadamu alivyo: hanunui dawa, ananunua aliyetangulia kununua.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shetani alipochekea mkononi. Uji ulifanya kazi. Muhogo ukikauka juu ya tunda huacha utando, na utando huo huzuia tunda lisipumue kwa pupa, likazeeka polepole. Wirot mwenyewe alishangaa. Machenza yaling'aa, ndizi zikagoma kuiva, na Mzee Liang, mwenyekiti wa kamati ya madhabahu, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti hata pasipo kipaza sauti, akaamuru matunda yote ya miungu yapakwe dawa ya Daktari. Begi la Wirot likaanza kunenepa. Akakata tiketi ya treni ya alasiri, siku ya kuamkia sikukuu, akijiambia kwamba baada ya hapo atapumzika, atanunua kibanda kando ya mto, atakuwa mtu wa watu. Kila tapeli ana kibanda chake kando ya mto, na hakuna aliyewahi kulala ndani yake.

Siku ile mji mzima ulikusanyika uani mwa hekalu kuinua mlingoti wa taa, ule unaowaita miungu washuke. Madhabahu imejaa matunda yanayong'aa utadhani yametoka kuoga. Mzee Liang akamshukuru Daktari hadharani, watu wakapiga makofi, na Wirot akainamisha kichwa, begi begani, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Ndipo Che Ngek, amevaa nyeupe pe kuanzia kilemba mpaka kandambili, aliposogea kwenye kipaza sauti na kuuliza kwa unyenyekevu mkubwa.

"Samahani, Daktari, mimi sikusoma. Hivi kamba si mnyama?"

Kwa wiki tatu watu hawa walisikia neno kamba kutwa kucha, wakalirudia wenyewe kwa wateja kwa fahari, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Kitu kikiwa ndani ya chupa, mtu anaona ni elimu. Sasa wakageuka kuitazama madhabahu, wakaona miungu tisa wamekaa mbele ya mlima wa uduvi.

Wirot maji yakamfika shingoni. Akisema ni kamba, kainajisi sikukuu ya mji mzima, na vijana walioinua mlingoti walikuwa na mikono minene. Akisema si kamba, kajiita tapeli kwa mdomo wake mwenyewe. Maskini, maishani mwake alikuwa hajawahi kukutana na jambo ambalo dawa yake ni ukweli, akawa hajui pa kuushikia.

"Ni muhogo," alisema. "Ni uji wa muhogo tu, ndugu zangu. Hakuna kamba hata chembe."

Mzee Liang, ambaye ndiye aliyeamuru kila tunda lipakwe, hakutaka zaidi ya hapo. Alimwashia ubani, akamshikisha mkononi, akamwapisha mbele ya miungu kwamba hakuna chupa yake hata moja, kwa mtu yeyote mjini Trang, iliyoguswa na kamba wala uduvi. Wirot akaapa. Akanywa na chupa nzima ya dawa yake mbele yao, tumbo likamjaa. Watu wakapumua. Halafu wakaanza kunung'unika, kwamba kumbe wameuziwa uji kwa bei ya sayansi, lakini Wirot alikuwa amekwisha kurudiwa na ulimi wake. Aliwauliza kwa huzuni: je, yameoza? Nani hapa lake limeoza? Nao wakaona kumdai ni kutangaza ujinga wao siku ya ibada, wakameza. Mjanja akatoka langoni bega juu, begi kamili.

Kituoni alimkuta Che Ngek ameketi kwenye benchi, mfuko wa machenza pajani.

"Hongera, mdogo wangu. Umeapa vizuri."

"Nimesema kweli, Che."

"Chupa yangu ninayo nyumbani. Siku niliyoinusa niliifunga, sijaifungua tena. Machenza yangu nimepaka uji niliopika mwenyewe." Alimtengenezea kola ya koti, kidada kabisa. "Ile ya kwangu ina uduvi, na Mzee Liang ana pua. Mtu hakamatwi kwa uongo wa sokoni, mdogo wangu, sote tungekuwa jela. Anakamatwa kwa uongo wa mbele ya miungu. Ndiyo maana nilitaka uape kwanza."

Treni ilipiga honi. Wirot aliangalia reli, akaangalia barabara ya kwenda kwa wale vijana wa mlingoti. Akavua begi begani taratibu. Iliuma, sitawadanganya. Che Ngek akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akampa mfuko wa machenza awe na kitu cha kula njiani.

Ndani ya behewa njaa ilimshika, maana uji hautulii. Akamenya chenza. Nje linang'aa, ndani kavu kama pamba na linanuka pombe. La pili hivyo hivyo. Yote yalikuwa ya msimu uliopita.

Mzee mmoja aliyeketi mbele yake, amevaa suti iliyochoka, alikuwa anautazama mfuko ule kwa muda.

"Machenza ya Che Ngek hayo," alisema. "Mwaka jana na mimi alinipa. Nilikuwa nauza ubani usiozimika. Wewe ulikuwa unauza nini?"

"Uji," alisema Wirot.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa, akasogea, akampa nafasi dirishani.