Tambi za Ijumaa kwa Makena

Jumanne, 8 Julai

…na ndiyo maana nasema tatizo si mapenzi. Mapenzi yapo tele, yanamwagika. Tatizo ni Ijumaa. Siku nyingine zote mke wangu (mke wangu! naliandika neno hili polepole ili nilifaidi) anacheka, anaimba, anauliza majina ya mboga kwa Kishambaa. Ijumaa jioni ikifika anakaa mlangoni, anatazama ukungu. Leo nimembana, akasema. Nairobi, jirani na duka alilokuwa akifanyia kazi, kulikuwa na Mchina muuza chakula cha kufungashiwa. Kila Ijumaa alinunua tambi za mchuzi mweusi. Sasa yuko ugenini, nchi nyingine, mlima mwingine, na Ijumaa haina ladha. Akasema nisijali, ni utoto tu. Nisijali! Mimi muongoza watalii niliyemshika mkono pale Irente asiteleze kwenye jiwe, na hadi leo sijauachia!

Mama kapiga simu kutoka Mlola. Kauliza kama "yule mgeni" bado yupo. Tangu harusi hajamwita kwa jina lingine. Anasema mtu wa mjini ni mvua ya kupita, na huyu vuli haimkuti hapa. Basi. Ijumaa hii Makena atakula tambi zake, hapa hapa Lushoto, na ataona kuwa hapa ni kwake. Naapa.

Jumatano, 9 Julai

Nimezunguka mji mzima. Hakuna anayepika Kichina. Kosa kubwa: nimemweleza Valentino, muuza chipsi. Nilisoma naye sekondari, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukiri kuwa kuna kitu hakijui. Akasema Kichina ndiyo kazi yake. Akakaanga chipsi zile zile, akazimwagia soya sosi, akaziita Chipsi Shanghai. Makena kala tatu kwa heshima. Jioni napita, nakuta Valentino ameziandika kwa chaki kwenye ubao wake, na chini yake: "Chaguo la Bi Harusi." Hana haya! Bi harusi wangu!

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi! Nilisikia Soni kuna kambi ya Wachina wanaopima barabara. Nikashuka mbio. Nilitegemea kunusa Nairobi ya Makena kutoka mbali. Nikawakuta mezani wanakula makande. Mahindi na maharage yetu yale yale! Mmoja anaomba aongezewe. Mpishi wao, Dorkasi, jirani yetu wa bondeni, akanicheka hadi akakaa chini. "Kaka yangu, hawa nao wako ugenini, lakini wameshakuwa Washambaa." Ila zamani walikuwa wakijipikia, naye akitazama. Bado anazo tambi zao kavu na chupa ya mchuzi mweusi. Kesho hana zamu, atanipikia nyumbani kwake. Sharti lake moja: karai kubwa, maana tambi za Kichina lazima zirukeruke juu ya moto mkali.

Karai kubwa mtaani ni moja tu, la chama chetu cha kufa na kuzikana. Hutolewa kukiwa na msiba tu. Nikamfuata dada Yusta, mtunza vyombo. Akashtuka, akauliza kuna nini. Nikamwambia siwezi kusema sasa, kesho jioni mtaa mzima utajua. Akajishika kifua. Akauliza mke wangu yuko wapi. Nikasema amelala, sitaki asumbuliwe. Akanitazama kwa huruma nyingi. "Pole sana, mdogo wangu. Jikaze." Dada ana moyo! Anajua kuwa kumfurahisha mke si kazi ndogo. Akanipa karai, akaniongezea na sufuria mbili ambazo hata sikuomba.

Ijumaa, 11 Julai, asubuhi

Mambo yote yako tayari. Maboksi ya kufungashia hatuna, kwa hiyo chakula kitakuja kwenye hotpoti zilizofunikwa vitenge. Dorkasi na dada zake watapanda kilima kwa mstari. Wasiongee. Wasimsalimie mtu, maana Bi Rukia jirani yetu ukimpa shikamoo moja anakurudishia maswali kumi. Dorkasi kasema kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kujitafutia laana. Nikamwambia laana yote ije kwangu. Makena nimemwomba abaki chumbani, pazia limeshushwa, hadi nimwite. Kauliza mbona macho yangu mekundu. Vitunguu, mpenzi! Nimemkatia Dorkasi vitunguu tangu alfajiri!

Watu leo ni wema ajabu. Kila ninayekutana naye ananishika mkono kwa mikono miwili. Hashimu mchinja kuku kanichagulia kuku wanono, kisha akainamisha kichwa akasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nadhani alikuwa akiwaaga kuku.

Ijumaa, jioni

Mungu wangu.

Walitokea vizuri mno. Ukungu, wanawake watatu kimya, vyombo kichwani. Mimi nimesimama uani, mikono kifuani. Bi Rukia akawapisha njiani. Hawakumsalimia. Akazitazama hotpoti. Akanitazama mimi. Sasa, huku kwetu chakula kilichopikwa hakibebwi kwenda kwenye nyumba yenye mwanamke mzima mwenye afya, ila nyumba hiyo iwe imefiwa. Jambo hili nalijua tangu utotoni! Lakini leo kichwa changu kilijaa tambi. Bi Rukia akaweka mikono kichwani. "Uwiii! Bi harusi wetu! Mtoto wa watu jamani!"

Kilio kikapokewa ng'ambo ya pili. Yusta akatokea na mzigo wa kuni, nyuma yake wanawake na maharage, mahindi, ndoo za maji. Walijiandaa tangu jana! Wanaume wakaleta mabenchi. Valentino kaja na tai, kajiteua msemaji wa familia. Familia yangu! Akaanza kusema kuwa marehemu alizipenda mno Chipsi Shanghai. Nikapiga kelele kwamba hakuna aliyekufa. Wakanishika mabega, wakanikalisha. Mzee mmoja akasema niachwe, mwanzoni huwa inakuwa hivyo, mtu anakataa.

Kisha ikaja pikipiki. Mama! Kumbe naye alishapigiwa simu. Khanga imegeuzwa nje ndani, kiatu mguu mmoja. Akaanguka chini ya dirisha letu. "Makena! Makena mwanangu! Kwa nini uliyasikiliza maneno yangu ya kipuuzi?"

Kwa jina lake. Mara ya kwanza.

Pazia likafunguka. Makena akatoa kichwa, nywele zimemvurugika kwa usingizi, akasema, "Shikamoo Mama. Kuna nini?"

Waliokimbia walikimbia, Valentino akiwa wa mbele. Mama hakukimbia. Alimvuta Makena dirishani hadi nusu akawa nje, akampiga mgongoni, akamkumbatia, akamgombeza kwa nini hakufa. Nikasimama nikaeleza. Ijumaa. Tambi. Siri. Ndipo Bi Rukia akasema, "Nikodemo, baba, siku uliyozaliwa tulikutazama mara mbili. Tungekutazama na ya tatu."

Jumamosi, 12 Julai

Nimalizie ya jana. Nilitaka kila mtu aende kwake, tubaki wawili na hotpoti zetu. Yusta akakataa. Kuni zimeshafika, maharage yameshaoshwa, moto wa watu haurudishwi bila kupikiwa. Wanawake wakainjika makande. Wakati yanaiva, waombolezaji wakazila tambi. Zangu! Walizivuta kwa vidole, wakalalamika kuwa hazina mwisho. Niliokoa kijiko kimoja. Nikapiga magoti mbele ya mke wangu, nikamlisha, nikasubiri.

Akatafuna. Akasema, kwa mapenzi, hazifanani hata kidogo.

Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka, katikati ya Mama na Yusta, wakala makande sinia moja. Mama anamsogezea upande wenye nazi nyingi. Yusta anausogeza urudi kwake. Makena anaupora. Wanasukumana viwiko kama watoto, Bi Rukia anawafokea huku naye anachota. Sijawahi kumwona mke wangu akila hivyo. Alipomaliza aliniuliza kama ni kweli watu wote wale walimlilia yeye. Nikasema ndiyo, hata pikipiki ililia. Akajifuta macho kwa pindo la khanga ya Mama.

Leo kaniambia jambo. Kumbe Nairobi walikuwa wasichana wanne wa chumba kimoja. Kila Ijumaa walizunguka boksi moja la tambi, wakigombania. Ladha yenyewe haikumbuki vizuri. Anachokumbuka ni viwiko. Akasema jana, kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, alisahau kuwa ni Ijumaa.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Kumbe kosa lilikuwa chombo! Nilimletea kwenye hotpoti, ilhali yeye amezoea boksi!

Mama bado yupo. Asubuhi kamsema Makena kwa kupoteza nusu ya kitunguu kwenye maganda, tena kamsema kama binti yake wa kumzaa. Baadaye rafiki mmoja wa Nairobi akapiga simu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia mke wangu akimwambia hawezi kuongea, nyumbani kuna watu wengi. Nyumbani! Nilibusu mlango.

Jumatatu, 14 Julai

Mama kaondoka. Makena kampa mkono wa kwaheri, Mama kamvuta kamkumbatia. Mimi kaniambia nikome.

Nimekaa nikatafakari kama mtu aliyepata funzo. Funzo ni hili: mpango ulikuwa mzuri, ila uliingiliwa na watu wengi mno. Siri haitaki umati. Boksi halisi liko Nairobi, na yule Mchina pia. Nitamfuata mwenyewe, nijifunze kupika, nirudi nimshangaze kipenzi changu. Yeye asijue lolote.

Malazi ni kwa baba mkwe, huko huko Kenya. Nimempigia leo, nimemwamkia vizuri. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa kuna jambo linamhusu Makena, siwezi kulieleza kwenye simu. Asimpigie, haitasaidia. Na akiweza, awakusanye ndugu. Nikasikia kiti kinaanguka. Furaha hiyo! Kisha akauliza, sauti inamtetemeka, nafika lini. Nikamwambia atulie, mzee wangu, mambo haya hayana haraka tena. Nitafika mwenyewe, uso kwa uso, kabla mwezi huu haujaisha.