Mpira wa Mkojo kwa Jina la Jecha

Jumatatu, 8 Julai
Siku ya pili mkojo hautoki ila matone. Tumbo gumu. Kazi ya ule mkarafuu! Miaka mitatu nyuma niliteleza nikakalia tawi, mguu huku mguu huku. Sikwenda hospitali, niliona haya.

Leo imebidi. Hospitali ya Chake hapana, watu wa kwetu Vitongoji wamejaa huko, na mie nataka kumposa Asma. Nikaenda Wete. Mapokezi wakauliza jina. Nikasema Jecha Bakar. Jecha naye anamtaka Asma. Habari ikivuja, ivuje yake. Akili hiyo!

Daktari kasema njia ya mkojo imefanya kovu, imeziba. Mpira haukupita. Wakanitia ganzi, wakanitoboa chini ya kitovu, wakaupitisha hapo. Mfuko ukajaa. Raha! Nililia. Nirudi Jumatatu nipasuliwe, kovu liondolewe.

Jumanne, 9 Julai
Mfuko nimeufunga pajani, kanzu imeuficha. Habari imeshafika. Bi Time, jirani yetu, alikuwa kliniki ya macho huko huko Wete, kafungwa bandeji machoni, kasikia jina likiitwa. Sasa mtaa mzima unajua Jecha hakojoi. Nimecheka hadi kidonda kimeniuma.

Alhamisi, 11 Julai
Watu wanamiminika kwa Jecha kumjulia hali. Uji, madafu, kuku. Anaapa ni mzima. Wanasema masikini, anaona haya. Asma kampelekea mkate wa kumimina! Mie mgonjwa wa kweli nimekula muhogo wa jana, peke yangu. Wivu umenikaba.

Jumamosi, 13 Julai
Balaa! Bi Mwanamize, mamake Asma, kasema mgonjwa kama yule hawezi kuishi bila mke wa kumtunza. Posa ya Jecha imekubaliwa. Na Jecha sasa hakanushi tena, anatembea kashika kiuno. Mwongo mkubwa!

Jumatatu, 15 Julai
Wete tena. Nafasi yangu haipo. Jecha alifika Ijumaa, kabla ya posa kukubaliwa, na kitambulisho, kasema hajawahi kuugua, wakalifuta jina lake. Daktari kakasirika. Kasema niandikishwe upya, jina langu la kweli, faili zikichanganyika naweza kuongezewa damu isiyo ya kundi langu. Nikamwambia nimeelewa, nimekoma.

Mapokezi wakauliza jina. Nikafikiri kidogo. Nikawapa la Mzee Mwalim, babake Asma. Akisikika mgonjwa, nami nitapata sababu ya kwenda kwao kumjulia hali.