Kikombe cha Udongo wa Kidevu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekasirika! Bibi shamba ametangaza kwamba Jumanne ya wiki ijayo atachagua shamba darasa, ambako wakulima wote watakuwa wakijifunza. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nani mwingine anastahili? Watu wanamtaja jirani yangu, Kidevu! Hata tuta hawezi kulinyoosha! Eti mahindi yake yamenipita kimo. Keshokutwa kila mtu apeleke udongo wake ukapimwe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Alfajiri nimechota udongo kwa Kidevu. Kikombe kimoja, pembeni, nisivunje mahindi. Nimeutia katika mfuko wa nailoni na juu yake nimeandika jina langu, kwa mwandiko safi. Mke wangu aliuliza kwa nini natoka shambani kwa watu na kikombe cha chai. Nikamwambia asiingilie sayansi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Fedheha! Bibi shamba ametia matone ya dawa mbele ya umati. Rangi haikubadilika. Amesema udongo wangu umechoka kabisa, hauna naitrojeni hata chembe. Bila mbolea ya chumvichumvi kama urea hauoteshi kitu. Kidevu akapaza sauti: pole, Mwalimu, kumbe na udongo umestaafu! Wote wakacheka. Udongo wenyewe ni wake, bwege yule! Kumbe huyalisha mahindi yake urea kijiko kwa kijiko, kama mgonjwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bibi shamba ameniletea urea. Amesema, tia yote, mzee wangu, hali yako ni mbaya. Akasimama kunitazama! Mke wangu akafungua kinywa kumweleza kwamba juzi tu tulimwaga magunia sita ya samadi ya kuku. Nikamkanyaga mguu. Nimetia yote.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mahindi yangu yameungua kwa mbolea kuzidi! Majani yote yamejikunja, makavu kama karatasi. Bibi shamba aliinama, akanusa, akaniuliza kama kweli huu ndio udongo niliompelekea. Nikasema ndio, bila kupepesa. Basi shamba darasa ni la Kidevu. Nami, kwa kuwa ni mrefu, nimeombwa nikishike kibao chake kipigiliwe misumari!

Bibi shamba haelewi kilichotokea. Anataka udongo mwingine kesho. Mke wangu anasema nichimbe hapa hapa mlangoni. Mwanamke huyu hana mbinu hata moja! Bustani ya zahanati ina maua yaliyonawiri ajabu. Kikombe nimekwisha kukiosha.