Macho ya Waseme

Alhamisi, mwezi 8 Mfunguo Tisa, 1323

Nguruwe wameingia tena shambani. Mbwa wangu Waseme alibweka, ndiyo, lakini alilibwekea boga. Nguruwe wakapita nyuma yake, wakala mahindi ya mlao, yale tuliyopanda mafuriko yalipopungua, mpaka wakashiba. Macho yake yameingia ukungu. Hata mimi ananijua kwa harufu tu. Nimechoka.

Mke wangu Mwanamkuu kasema vita vya Wadachi wa Ujerumani vinakuja na chakula chetu ni hayo mahindi tu. Yakiisha, anahamia kwa kaka yake Mtoro. Mtoro ana mbwa anayeona. Hilo nakumbushwa kila siku.

Ijumaa, mwezi 9

Nimemwosha Waseme macho kwa maji ya chumvi. Hakuyapenda. Akajikung'uta, kisha akanilamba uso, mikono na kanzu ya msikitini. Najisi! Nikaanza kujitoharisha: maji mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipomaliza akaja kunitaka radhi, akanilamba tena. Nikaanza upya. Sala ya Ijumaa ikanipita.

Mtoro kawaambia watu msikitini kuwa najificha nisiitwe vitani. Sikujificha. Nilikuwa na udongo masikioni.

Jumapili, mwezi 11

Bonde zima hili hakuna mwenye akili kama mimi. Ng'ambo ya mto yupo hongo, mjumbe wa dawa, anawanywesha wanaume maji ya kugeuza risasi za Wadachi. Nikawaza: maji yanayoshinda risasi yatashindwa na ukungu wa macho? Lakini hongo hatoi dawa ya kubeba, kila mtu hunyweshwa papo hapo. Nikaiweka mdomoni, nikashika njia ya nyumbani mashavu yamevimba. Watu wakanisalimu, nikaitikia kwa kichwa. Wakasema nina maringo.

Karibu na kwangu nikakutana na mkwe wangu, mzee Mfaume. Mkwe hapitwi bila shikamoo. Nikainama. Akangoja. Nikainama zaidi. Akasema kumbe binti yake kaolewa na bubu. Nikameza, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akapita zake.

Sasa risasi hainipati, na mbwa bado kipofu.

Jumanne, mwezi 13

Mtoro naye kaenda kunywa dawa. Nikamwazima mbwa wake bila kumsumbua kwa maswali. Nikamfunga na Waseme kwa kamba, shingo kwa shingo, anayeona amwongoze asiyeona. Nguruwe walipokuja, mbwa wa Mtoro akakimbilia kulia, Waseme kushoto. Kamba ikapita katikati ya mahindi kama panga. Wakageuka, ikapita tena. Nguruwe wakasimama pembeni, wakangoja tumalize.

Nilikaa chini nikalia. Sioni aibu kuliandika.

Jumatano, mwezi 14

Mwanamkuu kaokota mahindi yaliyosalia, kayatia kikapuni, kaenda kwa Mtoro. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nyumba imekuwa kimya mno, na roho inaniuma. Waseme hajui kuwa kaondoka. Amelala kizingitini, kila upepo ukigusa mlango anatikisa mkia.

Shambani yamebaki maboga. Kosa langu nimeshaliona: kamba ilikuwa ndefu mno. Nimeikata nusu. Jirani yangu Sadala kakubali kuniazima mbwa wake kesho. Hajapita shambani kwangu wiki hii.