Piusi, Kompyuta na Majina ya Jubilei

Jumatatu, 11 Julai 1988

Baridi kali. Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro mpaka mlangoni kwangu. Nimeamka na furaha hata hivyo. Zimebaki siku sita tu Wilibrodi aaibike.

Niandike mambo yote, maana siku moja watu watataka kujua ilikuwaje. Kigango chetu kinatimiza miaka hamsini mwezi ujao na Askofu anakuja. Yatasomwa majina ya wote waliobatizwa hapa tangu mwanzo, watu mia nne na kumi na wawili. Padre amesema atakayeleta orodha kamili Jumapili hii baada ya misa ndiye atakuwa katibu wa jubilei, na ndiye atakayeisoma mbele ya Askofu. Tumejitokeza wawili. Jirani yangu Wilibrodi ana taipureta, na anaipiga kwa vidole viwili. Mimi nina kompyuta.

Kompyuta! Niliachiwa na mtafiti wa fisi, yule niliyemfanyia ukarani miaka mitatu kule kreta. Alipoondoka kwenda kwao alisema haiwezi kuingia kwenye begi. Tangu hapo najulikana Karatu nzima kama mtaalamu, na sijamkatalia mtu.

Majina yote niliyaingiza mwezi wa sita kutoka daftari la ubatizo, yako kwenye diski ya tatu. Kazi imekwisha, kwa kweli. Kuna kasoro moja tu. Ile draivu, yaani kisanduku cha pembeni kinachosoma diski, imekuwa nzito mno. Leo nilibonyeza ifungue orodha, mke wangu Bernadina akabandika chai, chai ikachemka, tukanywa, vikombe vikaoshwa. Ndipo likatokea jina la kwanza. Draivu ilikuwa inakoroma muda wote.

Diski zenyewe hazina tatizo, nazitunza kuliko macho yangu. Mtafiti aliniagiza nizikinge na unyevu, panya na wadudu. Hakuhitaji kunieleza mara mbili. Kila nyumba ya kwetu ina mahali pa namna hiyo: juu ya jiko, pale zinaponing'inia mbegu za mahindi. Mbegu zikikaa kwenye moshi hazipati fukusi mpaka mvua. Diski zangu zinaning'inia hapo hapo tangu Machi, kwenye kifuko cha kitambaa. Mke wangu analalamika kwamba zinachukua nafasi ya mbegu. Hajui thamani ya elimu.

Kwa hiyo kosa liko kwenye umeme. Umeme wangu unatoka kwenye jenereta ya Hhando, fundi wa kuchomelea, waya unapita juu ya uzio. Kila akichomelea geti, kioo cha kompyuta kinasinyaa. Kesho nitamkabili.

Jumanne, 12 Julai

Nimemkabili. Hhando akasema magurudumu ya trela ya watu hayawezi kusubiri wabatizwa. Nikamwahidi debe la ngwara, yaani fiwi za shambani kwangu. Akazima mashine ya kuchomelea saa nzima, akakaa juu ya tairi akavuta sigara yake.

Kioo hakikusinyaa hata kidogo. Draivu ikakoroma vile vile. Chai ikachemka, tukanywa.

Basi si umeme. Debe la ngwara limekwenda hivyo hivyo.

Mama alikuja kukaa nami karibu na kompyuta. Anajikunja kwenye blanketi lake na kukitazama kioo bila kupepesa. Mama yangu, Cresensia, alibatizwa katika kundi la kwanza kabisa, msichana wa miaka kumi na minne. Lakini kwenye jubilei ya miaka ishirini na mitano, aliyesoma majina alikuwa baba yake Wilibrodi, na jina la mama akaliruka. Mama alikuwa amesimama tayari, na kitenge kipya. Alikaa chini polepole. Hakuwahi kulalamika, lakini kitenge kile hakukivaa tena. Nilikuwa kijana wakati huo na nilikiona kila kitu.

Nimemwahidi kwamba safari hii atalisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Leo aliniuliza kama mashine inalijua jina lake. Nikamwambia inalijua, ila inafikiri kwanza. Akasema inafikiri sana.

Jumatano, 13 Julai

Nimegundua! Ni baridi. Mashine ilizoea kreta, mezani pa mtafiti, karibu na hita yake. Hapa kwangu upepo unapita chini ya mlango. Nikaifunga draivu kwa blanketi la mama, nikabakiza mdomo tu wa kuingizia diski.

Ilipata joto kweli kweli. Ikapata joto mpaka ikanyamaza. Nililivua blanketi haraka na kuipepea kwa ungo.

Wakati napepea akaingia Metui, rafiki yangu Mmasai wa Kakesio, tuliyejuana nikiwa na mtafiti. Amekuja Karatu kutafuta mahindi. Metui anajua ng'ombe kuliko daktari wa mifugo, basi nikamwomba aisikilize draivu. Akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema ingekuwa ndama, angesema ni mapafu. Kisha akachukua diski ya tatu, akainusa. Uso wake ukachanua.

"Hii umeifukiza vizuri, rafiki," akasema. "Inanukia kama kibuyu cha maziwa cha mama yangu."

Kwao vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kaa la moto la oloirien, yaani mzeituni wa porini, na mwanamke anayefukiza vizuri anasifiwa. Nilijisikia vizuri sana. Mtu wa mbali anautambua utunzaji wangu, na mke wangu ndani ya nyumba hautambui.

Metui alishauri mafuta ya mkia wa kondoo, maana kwao yanatibu kifua. Nilikuwa nayo kwenye chupa. Nikapaka kwa unyoya wa kuku kila palipokuwa na tundu.

Jioni draivu ilitoa harufu ya nyama choma. Mbwa wa Hhando amelala mlangoni kwangu na hataki kuondoka. Kasi ni ile ile.

Alhamisi, 14 Julai

Nimekwenda kumtembelea Wilibrodi kwa nia njema ya kumchelewesha.

Mpango ulikuwa huu: nimpigishe soga asipige taipureta. Nikaanza na bei ya ngano, nikaingia kwenye tembo walioharibu mashamba ya Buger, nikamaliza na kiuno changu. Saa mbili nzima! Naye aliitikia yote huku akigonga. Ta. Ta. Ta. Amefika jina la mia tatu na tisini. Ana adabu za kuudhi: kila nikikohoa ananijazia kikombe cha uji.

Kando ya meza yake niliona kikapu cha mayai kilichofanana sana na cha mama, hata ule mshono mwekundu kwenye mpini. Vikapu vya kwetu vyote vinafanana.

Nilipoaga, Wilibrodi aliniuliza mashine yangu inaendeleaje. Nikasema inaendelea kwa kasi ya kutisha. Akasema Mungu aibariki. Nadhani alikuwa ananidhihaki, ingawa uso wake haukuonyesha.

Ijumaa, 15 Julai

Ushindi!

Nilimeza kiburi nikamwita Raphaeli, fundi redio wa sokoni. Sikutaka, kwa sababu mtaalamu akimwita fundi watu wanaanza kufikiri. Nikamwambia aje kuangalia redio. Alipofika nikamwonyesha kompyuta.

Akafungua skrubu nne. Akatazama ndani, akanitazama mimi, akatazama tena ndani. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta kile kitu kidogo kinachogusa diski, yeye anakiita kichwa. Pamba ikatoka nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tano ikatoka rangi ya kahawia.

Akaniuliza, bila kutania, kama napika ndani ya mashine. Nikakasirika. Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu tunapika jikoni. Akasema haya ni masizi matupu, tena yamechanganyika na mafuta ya kitu asichokijua, na draivu ilikuwa inarudia kusoma kila neno mara kumi ndipo ione. Akauliza diski nazitunza wapi. Nilimjibu kwamba zinakaa mahali salama kuliko pote ndani ya nyumba. Akataka kupaona. Nikakataa, kwa sababu Raphaeli ananyolewa na shemeji wa Wilibrodi.

Masizi ni ya sigara za Hhando, hilo liko wazi.

Baada ya hapo tulijaribu. Nikabonyeza. Bernadina hakuwahi hata kuinua birika! Majina yote, mstari kwa mstari, na mama yumo, wa nne kutoka juu: Cresensia binti Tluway. Mama hajui kusoma. Nilishika kidole chake nikakiweka kwenye kioo, juu ya jina lenyewe. Akakiacha hapo mpaka jenereta ilipozimwa. Nilitoka nje kidogo nikajifanya nakagua waya.

Kwa furaha nimezirudisha diski mahali pake. Nimezishusha kidogo, karibu zaidi na moto, zipate hewa kavu kabla ya Jumapili. Bernadina anapika makande kwa kuni mbichi na jiko linafuka vizuri.

Jumamosi, 16 Julai

Sikuiwasha. Ya nini? Imepona.

Nimepiga pasi koti. Nimemshawishi Hhando tupeleke jenereta kanisani kesho kwa mkokoteni wa punda. Debe la pili la ngwara. Wilibrodi ataleta karatasi, mimi nitaleta kioo kinachong'aa. Makande yanaendelea kuchemka. Nimekula sahani tatu na nimelala mchana bila wasiwasi wowote.

Jumapili, 17 Julai

Niandike taratibu.

Misa ilikwisha. Kamati ilikaa kwenye benchi nje, mwenyekiti akiwa Mzee Yohani katekista, na Padre kando. Watu wote walibaki. Jenereta ikanguruma, punda wakaogopa, wakarudishwa. Nikawasha. Kioo kikang'aa na watoto wakashangilia. Nikaitoa diski ya tatu kwenye kifuko, nikaiinua juu ili ionekane, nikaiingiza.

Draivu ikakoroma.

Ikakoroma mpaka akina mama wakakaa kwenye nyasi. Kioo kikaandika kwamba diski haisomeki, nijaribu tena. Nikajaribu tena. Nilijaribu mara saba, na mara ya saba nilisema salamu Maria kwa sauti. Hhando akaniambia kwa huruma kwamba petroli inakaribia kuisha.

Mzee Yohani akasema wakati kompyuta inatafakari, basi Wilibrodi asome. Wilibrodi akasimama na karatasi zake. La kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nimeinamia draivu, sikutaka kuonana na macho ya mama. Nilijua atarukwa tena, na safari hii kosa litakuwa langu.

"Cresensia binti Tluway," Wilibrodi akasoma.

Mama akasimama. Ndipo nilipoona amevaa kile kitenge, kimefifia lakini kimepigwa pasi. "Nipo," akasema.

Wilibrodi akaishusha karatasi. "Mama, marehemu baba yangu alikuruka," akasema. "Aliniambia kabla hajafa, na lilimsumbua. Mimi nimekuandika."

Watu wakapiga makofi. Padre alivua miwani akaifuta. Mimi nililia, naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, nililia nikiwa nimekumbatia draivu, na watu wakadhani naililia draivu.

Katibu ni Wilibrodi. Kura zote, pamoja na ya mke wangu.

Njiani mama akanieleza. Alhamisi asubuhi alikwenda mwenyewe na mayai kumkumbusha Wilibrodi, akakuta ameshaandikwa tangu mwezi uliopita. Mayai akayaacha kwa shukrani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona nina raha na mashine yangu, hakutaka kuniondolea. Akanishika mkono mpaka nyumbani. Sijui lini nimewahi kufurahi namna hii baada ya kushindwa.

Jumatatu, 18 Julai

Ukungu umeondoka. Nimetafakari na chanzo nimekiona. Mashine ile ilizoea kuandikiwa fisi miaka mitatu. Wakristo mia nne kwa mkupuo ni ghafla mno kwake. Nitaizoesha kwa kumi kumi.

Na heshima haikunipita. Jana Padre alisikitika kwamba panya wanatafuna daftari la ubatizo sakristia, lile lile la zamani lenye majina yote, na hakuna jingine. Nikasimama mara moja. Nikasema kwangu kuna mahali ambapo panya, unyevu na wadudu havijawahi kufika. Alinishukuru mbele ya kamati nzima. Wilibrodi alipiga makofi kuliko wote. Kwa hiyo katibu ni yeye, lakini mtunza kumbukumbu wa kigango ni mimi, hadi jubilei ya miaka sabini na mitano.

Asubuhi hii nimelifunga daftari kwa kamba ya katani, nikaliweka pamoja na diski. Kwa sababu ni zito limening'inia chini kidogo kuliko mbegu, jambo ambalo ni zuri, linapata moshi wa kwanza.

Mama alikuwa anaota moto. Akalitazama, akaniuliza kama moshi hautaliharibu. Nilicheka kwa upendo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tangu nianze kutunza vitu hapa hakijaharibika hata kimoja.