Majani ya Romana na Chumvi ya Uvinza

Jumatatu, 2 Februari 1976
Baba Ponsian, andika ninavyosema, usinipunguzie. Melkior wa treni kaleta habari: mdogo wangu Romana, kule hospitali Tabora, bado anakataa chakula. Anataka majani ya maboga ya kwetu huku, basi. Maskini! Na tuliachana vibaya, kisa sufuria. Sufuria lenyewe lilikuwa lake.

Jirani Felista akasema niyakaushe yawe nsansa, mboga kavu haiozi njiani. Nani kamuuliza? Huyo hata jua analiona lake. Mgonjwa apewe kitu kikavu kama gunzi? Napeleka mabichi! Samaki wa Karema anakaa siku nyingi kwa chumvi. Jani ni nani asikae?

Jumanne, 3 Februari
Nimejaribu. Jani moja kwenye maji matupu, jingine kwenye maji ya chumvi ya Uvinza. Jioni lile la maji matupu limesimama kama askari. La chumvi limelala, tepetepe kama kitambaa cha vyombo. Mzee, huyu huyu mwandishi wangu, akasema, mama Ponsian, jibu umeshapata. Nikamwambia wewe andika tu. Chumvi ilikuwa kidogo! Samaki wanamzika kabisa.

Alhamisi, 5 Februari
Chumvi ya nyumba imekwisha, yote nimezikia majani. Mboga tunakula chapwa, mzee kanuna. Majani yamekuwa meusi. Nikayafunga hivyo hivyo, nikakimbilia stesheni kwa Melkior. Na Felista yupo! Eti anasindikiza mgeni. Akauliza, shoga, kifurushi mbona kinadondosha? Nikamwambia umande.

Jumanne, 10 Februari
Melkior karudi jana. Kifurushi changu walikitupa Kaliua, kinalowanisha mizigo ya watu. Lakini Romana kala! Kala nsansa, kaomba tena, kalia. Kasema mikono ya dada yangu naijua, na yale ya sufuria yameisha.

Nsansa? Mimi sikutuma nsansa. Mzee akanitazama, mimi nikatazama ukuta. Kumbe Felista alimpa Melkior furushi lake pale stesheni, akamwambia aseme limetoka kwangu.

Nimeona aibu, baba Ponsian. Hiyo usiandike. Haya, andika.

Leo asubuhi nimekwenda kumshukuru. Namkuta uani, kaanika majani mkekani. Akasema karibu shoga, njoo nikuonyeshe yanavyokaushwa. Kunionyesha mimi! Shukrani sikuitoa.

Nikamwomba sukari kikombe kimoja. Kosa lilikuwa chumvi; safari hii majani nayazika kwenye sukari.