Jinsi Mikono ya Mzee Idefonsi Ilivyotekwa kwa Kadi ya Salamu

Enyi watu wa Bukiriro, wa vilimani na wa mabondeni, anayepepeta na aweke ungo chini, anayekohoa na akohoe sasa amalize! Yanakuja makuu ya Petronila, mjane, mshika rozari, aliyeiteka mikono ya baba mkwe wake mwaka ule kambi za wakimbizi zilipofunika vilima vya Ngara na kipindupindu kikatembea kikibisha hodi.

Kitinda mimba wake, Tecla, alikuwa ametoka juzi kwenye hema la dripu, miguu kama mabua. Na ni nani aliyemlisha tonge la kwanza kila mlo? Mzee Idefonsi, Simba wa Zizi, kwa mkono uliotoka moja kwa moja kwenye samadi ya mbuzi! Redio ya kambini ilihubiri sabuni asubuhi na jioni, mzee akaijibu, "Mkono huu umenilisha miaka sabini, na bado nipo!"

Na mke wa mwana atamkemeaje baba mkwe? Ulimi umefungwa. Petronila akachomoa upanga mwingine: kalamu. Akajaza kadi ya salamu, akaipeleka kwa miguu hadi kwenye redio ya kambini.

Jumapili, betri za redio zikiwa zimeanikwa juani hata zikafufuka, majirani wakauzunguka ugali wa muhogo. Mkono mtukufu ukanyooka. Ndipo mtangazaji Ndayisenga akanguruma redioni:

"Salamu zimwendee Mzee Idefonsi wa Bukiriro, shujaa wa usafi, asiyegusa chakula bila kunawa kwa sabuni!"

Mkono ukaganda hewani kama mwewe aliyesahau kifaranga.

"Shikamoo, shujaa!" akacheka jirani Telesfori. "Sabuni yenyewe iko wapi?"

"Marahaba, usiye na adabu. Nimetajwa mbele ya mataifa, nawe waniuliza sabuni? Petronila!"

"Abee, baba."

"Mbona leo umechelewesha sabuni yangu?"

"Nisamehe, baba." Akamimina maji, huku akimnong'oneza Mungu: si uongo, Bwana, ni sala iliyotangulia kufika.

Mzee akanawa! Akasugua viganja, akavamia kucha moja moja, povu likapanda viwiko kama jeshi lipandalo ngome; naye Telesfori akaamriwa kufuata, akafuata. Kisha mkono ule ukamega tonge, ukachovya maharage, ukampa Tecla.

Tecla akatafuna. Akameza. Akafumbua kinywa tena.

Wenye kalamu na waandike, wasio nayo na wapige vigelegele: siku hiyo kipande cha sabuni kilipungua unene wa ukucha, na Bukiriro ikashinda vita.